Kumtafuta Daktari Atakayesimamia Dawa za Maumivu

Mombasa dawa ya maumivu hupatikana kila mtaa. Anayekosekana ni daktari atakayekubali kuisimamia mwezi baada ya mwezi, ajue kwa nini dozi imepanda au imeshuka, aweke sahihi yake chini ya karatasi na awe tayari kujibu akiulizwa. Nina selimundu (sickle cell), ugonjwa wa damu wa kurithi, tangu nizaliwe, na tangu nyonga yangu ya kulia ilipoharibika ninatumia dawa kila siku, hata katika wiki ambazo ugonjwa wenyewe umetulia. Haya niliyojifunza katika kumtafuta daktari wa namna hiyo nayaandika hasa kwa wenzangu wa Pwani waliovuka umri wa kliniki ya watoto na sasa hawajui wapange foleni ya nani.

Selimundu si ugonjwa mgeni Pwani. Mtu aliyeirithi jeni yake kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, na aliyeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua. Kwa hiyo ugonjwa umeenea zaidi katika nchi ambazo malaria imekaa kwa karne nyingi. Watafiti wa Kilifi wameuchunguza kwa muda mrefu, na Kilifi ilikuwa mojawapo ya vituo vinne vya Afrika ambako dawa iitwayo haidroksiyurea ilijaribiwa kwa watoto. Matokeo yaliyotangazwa Desemba 2018 yalionyesha kwamba watoto waliopewa dawa hiyo walipatwa na maumivu mara chache zaidi, na hata malaria na vifo vilipungua. Nafurahi kwa ajili yao. Mimi nilikua kabla ya dawa hiyo kuzoeleka huku kwetu, na mifupa yangu ilikwisha kulipa gharama.

Ni muhimu kueleza kwamba maumivu yangu ni ya aina mbili, kwa sababu mkanganyiko mwingi wa madaktari ulianzia hapo. Aina ya kwanza ni ile ya ghafla, seli zenye umbo la mundu zinapoziba mishipa midogo ya damu, na mtu hulazwa, huongezewa maji, hupewa dawa kali na baada ya siku kadhaa hurudi nyumbani. Aina ya pili haina kwenda nyumbani. Kichwa cha mfupa wa paja kilikosa damu kwa muda mrefu, sehemu yake ikafa, kisha kikaanza kubonyea ndani ya nyonga, jambo ambalo picha ya eksirei ilionyesha wazi kiasi kwamba hata mimi nisiye daktari niliona kwamba duara la kulia halifanani na la kushoto. Ninaishi Likoni, na kazi yangu ni kutunza hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi karibu na Mwembe Tayari, ng'ambo ya kivuko. Mwenda kwa miguu havuki feri kwa nauli, lakini ule mteremko wa kushukia chomboni na ule wa kupandia upande wa pili, huku umati unakusukuma mgongoni, nimeulipia kwa nyonga.

Daktari wa mifupa alinieleza vizuri. Tiba ya mwisho ni kubadilishiwa nyonga, lakini nyonga ya bandia huchakaa, na mtu wa umri wangu akiiwekewa mapema huenda akahitaji kupasuliwa tena baadaye. Tena mgonjwa wa selimundu ana hatari zaidi mezani kuliko wengine. Akashauri tusubiri. Uamuzi huo sikuupinga na siupingi hata leo. Tatizo ni kwamba hakuna aliyesema nitasubirije. Daktari wa mifupa aliona kwamba maumivu ni shughuli ya daktari wa damu, daktari wa damu akaona kwamba nyonga ni shughuli ya daktari wa mifupa, na daktari wa kawaida aliyekuwa karibu na nyumbani akaniambia nirudi kwa wataalamu wangu. Kila mmoja aliniandikia dawa ya wiki moja, kwa wema kabisa, kila mmoja akidhani kwamba yule mwingine ndiye mwenye mgonjwa.

Aliyeivunja duru hiyo kwanza hakuwa daktari. Alikuwa mfamasia wa Majengo, mwanamke mtu mzima, ambaye nilimwendea kununua diklofenaki, dawa yangu ya maumivu, kama kawaida, akanyamaza kidogo kisha akasema, "Kaka, hii sitakuuzia leo. Umewahi kupimwa figo?" Hakuna aliyekuwa ameniuliza. Selimundu peke yake huharibu figo polepole, na diklofenaki, ibuprofeni na dawa za ukoo huo zikitumika kwa muda mrefu huongeza mzigo juu ya mzigo, mbali na vidonda vya tumbo. Nilipimwa, figo zikawa bado zinafanya kazi, lakini ile dawa rahisi kuliko zote, ambayo mtu huinunua bila kuulizwa jina, ikaondoka mezani. Zikabaki parasetamoli, ambayo mtu mzima hapaswi kuvuka gramu 4 kwa siku na ambayo kwangu haikutosha, na zile dawa kali za jamii ya afyuni ambazo madaktari huzitaja kwa sauti ya chini: tramadoli na mofini.

Hapo ndipo utafutaji wenyewe ulipoanza, na hapo ndipo nilipogundua jinsi ninavyoonekana. Mgonjwa wa selimundu mara nyingi huwa mwembamba na macho yake huwa na umanjano. Mikono yangu ina makovu ya sindano kwa sababu tangu utotoni nimetundikiwa dripu hata mishipa imekuwa migumu kupatikana. Mtu wa namna hiyo akiingia katika chumba cha dharura usiku, anachechemea, anatoa jasho, anaitaja kwa jina dawa anayoitaka na kiasi chake, Mombasa ataitwa nini? Katika hospitali moja ambayo sitaitaja, tabibu wa zamu alimwambia muuguzi, bila kujali kwamba nasikia, amtazame huyu teja mikono. Nilikunja shati mwenyewe nikaonyesha. Nikajaribu kueleza kwamba hayo ni makovu ya wodini, na jinsi nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mtu anayetunga hadithi. Nilipewa sindano ya diklofenaki, ile ile niliyokatazwa, na nikaambiwa nitoke.

Kwa muda nilikuwa na hasira, na hasira ile nadhani ilikuwa haki yangu. Lakini hasira haikunipatia daktari. Kilichonisaidia ni kuielewa hofu yao, kwa sababu hofu hiyo ina mizizi yake. Heroini imeharibu familia nyingi katika mji huu, na huko Kisauni kuna kliniki ya methadoni ambako waraibu hunywa dawa yao kila siku mbele ya mhudumu. Tabibu wa zamu hukutana na mateja wenye arosto, yaani mateso ya kukosa dawa, karibu kila usiku, na baadhi yao huja na maumivu ya kubuni. Kuna pia Sheria ya Dawa za Kulevya ya mwaka 1994, ambayo inaruhusu dawa kama mofini kwa matibabu, lakini inamtishia mlanguzi kwa kifungo kirefu, na mtu anayesoma sheria haraka hukumbuka kifungo kuliko ruhusa. Kisha ipo hofu iliyoagizwa kutoka ng'ambo. Marekani ilipozidiwa na vifo vya dawa za maumivu, taasisi yake ya kudhibiti magonjwa ilitoa mwongozo mwaka 2016 wa kuzipunguza, na madaktari wengi, hata wa huku ambako tatizo letu kubwa ni kukosekana kwa mofini wala si wingi wake, waliuchukua kama amri. Taasisi hiyo hiyo ililazimika kueleza mwaka 2019 kwamba mwongozo haukukusudia kuwanyima dawa wagonjwa wa saratani na wa selimundu, na mwaka 2022 ikauandika upya. Nilichapisha ufafanuzi huo nikautia katika faili langu. Sikuwahi kuona daktari aliyebadilishwa mawazo na karatasi hiyo peke yake, lakini wawili watatu walikaa vizuri kwenye viti vyao.

Nilichojifunza pia ni kutofautisha daktari anayeogopa na daktari asiyejali. Asiyejali haulizi kitu. Anayeogopa huuliza maswali mengi, kisha hukataa, na kukataa kwake kuna habari ndani yake ukikusikiliza. Mzee mmoja mwenye kliniki yake mjini alinisikiliza mpaka mwisho, akaitazama picha ya nyonga kwenye mwanga wa dirisha, akaniambia, "Ndugu yangu, sikukatalii kwa kuwa sikuamini. Nakuamini. Lakini hapa niko peke yangu. Nikianza kukuandikia mofini, siku nitakayosafiri au nitakayougua, nani ataendelea? Utakatika ghafla, na kukatika ghafla ni kubaya kuliko kutoanza." Nilikuwa nimekwenda pale kumtafuta mtu jasiri. Baada ya maneno yale nikaanza kutafuta mahali penye watu zaidi ya mmoja, penye faili linalobaki hata daktari akiondoka. Mzee aliniandikia barua ya rufaa kwenda tiba shufaa, huduma ya kupunguza mateso ya ugonjwa mzito, akaitia muhuri, akakataa kunitoza ada.

Neno hospisi, yaani mahali panapotolewa tiba hiyo, lilipoingia nyumbani kwetu lilileta msiba kabla ya wakati. Mama alikaa kitako jikoni, akaniuliza kama kuna jambo la vipimo ambalo namficha. "Mwanangu, kule watu hwenda kufia," alisema, na hakuwa amelitoa hewani. Hospisi ya kwanza ya Kenya, ile ya Nairobi, ilianza mwaka 1990 ikiwa na wagonjwa wa saratani, na hata ile ngazi ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 1986, inayoanzia dawa nyepesi kama parasetamoli na kupanda hadi mofini, iliandikwa kwa ajili ya saratani. Kwa hiyo jirani akikuona Coast Hospice, au katika kliniki yoyote ya tiba shufaa, hesabu anayoipiga ni ya kaburi. Nilimwomba mama tufuatane. Alipomwona kijana wa umri wangu amekuja na pikipiki yake kuchukua dawa ya ugonjwa ambao si saratani na kurudi kazini, alipunguza maswali. Tiba shufaa huanza pale penye mateso ya ugonjwa mzito, na mgonjwa anaweza kuhudumiwa kwa miaka huku akiendelea na matibabu yake mengine yote.

Daktari niliyempata pale hakuanza na dawa. Aliniuliza maumivu ni mangapi kati ya kumi, kama wote wanavyouliza, lakini akaonekana hajali sana jibu. Akauliza nini nimeacha kufanya. Nilimwambia kwamba nimeacha kusujudu na naswali nimekaa kitini, kwamba baada ya adhuhuri siwezi tena kuzitazama hesabu, kwamba usiku naamka kila ninapogeukia kulia. Akaandika yote hayo mahali pa dozi, akasema kwamba ndiyo tutakayopimia. Nikilala usiku na kufanya kazi hadi alasiri, dawa inafaa, na nisipoweza hayo hata kwa dozi kubwa, dawa haifai na itapunguzwa. Nilipenda kwamba alizungumzia kupunguza siku ya kwanza. Daktari asiyejua atashukaje hapaswi kupandisha.

Kisha akaniomba nimwage mezani kila nilichokuwa nakitumia. Ndani ya mfuko wangu mlikuwa na tramadoli niliyoandikiwa na mmoja na amitriptilini ya usiku niliyoandikiwa na mwingine. Kila moja kwa mahali pake ni dawa halali ya maumivu. Zikichanganywa huongeza hatari ya kifafa, na hakuna aliyeziandika akijua ya mwenzake, kwa sababu kila mmoja alikuwa na karatasi yake. Hata kama sikupata kitu kingine pale, dakika ile ilitosha kunieleza kwa nini mgonjwa wa maumivu ya kudumu anahitaji mtu mmoja mwenye picha nzima. Tramadoli ilipunguzwa hatua kwa hatua hadi ikaachwa, amitriptilini ikabaki kwa kiasi kidogo wakati wa kulala, parasetamoli ikawekewa saa zake, na mofini ya maji ikaanza kwa kiasi kidogo. Dawa hiyo hapa kwetu mfamasia huichanganya mwenyewe kutokana na poda. Athari yake hudumu kama saa nne, kwa hiyo hupangwa kwa saa na mtu hangoji mpaka alie. Kichefuchefu na usingizi vilinisumbua siku za mwanzo vikaondoka. Kufunga choo hakukuondoka, wala hakuondoki kwa watu wengi, na dawa ya kulainisha choo iliandikwa karatasi ile ile. Nimekutana na wagonjwa walioacha mofini kwa sababu tu hakuna aliyewaandikia hiyo ya pili.

Tuliwekeana mkataba wa maandishi. Dawa hizi nitaandikiwa na kliniki hii peke yake na kuzichukua mahali pamoja. Nikilazwa kwingine na kupewa nyingine, nitasema. Nitarudi na chupa. Nitaifungia kabatini mbali na watoto wa dada yangu. Sitampa mtu hata tone. Na nikitakiwa kupimwa mkojo sitakataa. Wenzangu wengine huuona mkataba kama huo kuwa tusi, wakisema kwamba mgonjwa wa shinikizo la damu haapishwi. Nawaelewa. Kwangu mimi mkataba ulikuwa na pande mbili, kwa sababu kliniki nayo iliahidi kwamba dawa haitasimamishwa ghafla na kwamba daktari asipokuwapo yupo mwingine mwenye faili langu. Ahadi hiyo ya pili ndiyo niliyokuwa nikiitafuta mji mzima. Daktari alinieleza pia tofauti ambayo wengi huichanganya: mwili ukizoea mofini, ukikosa ghafla utatoa jasho, utaharisha na kutetemeka, na hilo hutokea kwa yeyote, lakini uraibu ni pale mtu anapoitafuta dawa ijapokuwa inamharibia maisha. Mimi dawa ilinirudisha kwenye hesabu zangu.

Hati iliyo na thamani kuliko zote ninazozibeba ni barua ya ukurasa mmoja yenye muhuri, niliyoipaka plastiki na kuiweka pamoja na kitambulisho. Inataja ugonjwa, hali ya nyonga, dawa za kila siku na viwango vyake, dawa nisizopaswa kupewa kwa ajili ya figo, kitu cha kufanyiwa maumivu ya ghafla yakinijia, na namba ya simu ya kliniki. Iliwahi kujaribiwa usiku wa mvua katika chumba kingine cha dharura. Tabibu aliisoma, akainua macho kunitazama macho yangu ya manjano, akaisoma tena, akapiga simu. Nilitundikiwa maji na kupewa dawa bila kukunja shati.

Si kwamba mambo yamenyooka. Kuna wakati mofini huadimika na mtu huambiwa arudi wiki ijayo, kana kwamba nyonga nayo itasubiri. Bima ya afya ya taifa, NHIF, ilipogeuzwa kuwa SHA Oktoba 2024, sisi wenye kliniki za kila mwezi tulizungushwa kwenye madirisha tukiulizwa kama tumesajiliwa upya, na gharama nyingine nimezitoa mfukoni. Mwaka huo huo, kuanzia Machi hadi Mei, madaktari wa hospitali za serikali waligoma, na niliogopa kwamba yale aliyoyasema yule mzee wa mjini yametimia. Nilimrudia na barua yangu mkononi. Aliisoma, akasema kwamba sasa hayuko peke yake, na akaniandikia dozi ile ile, bila kuongeza wala kupunguza, mpaka mgomo ulipokwisha.

Kwa anayeanza kutafuta, ningeshauri asiingie kwa daktari na jina la dawa mdomoni, maana huliingiza shaka chumbani kabla ya ugonjwa. Aanze na kazi aliyoacha na usingizi aliopoteza, afike na picha zake, matokeo ya damu na figo, orodha ya kila alichokwisha kutumia na kilichomfanya akiache. Akiweza, afuatane na mtu. Ushahidi wa mama yangu ulikuwa na uzito kuliko maelezo yangu yote, ingawa hilo lanikera kidogo, mtu mzima mwenye kipato chake kuaminiwa kwa sababu mama yupo. Na aulize wazi: ukiwa haupo, nani ataendelea? Daktari akikunja uso kwa swali hilo, jibu limekwisha kupatikana.

Daktari wangu alihamishiwa kaunti nyingine mapema mwaka uliofuata. Aliyempokea ni mwanamke mdogo kwangu kwa umri, na siku ya kwanza aliniambia kwamba hataendelea na karatasi ya mwenzake mpaka aifahamu. Alisoma faili lote mbele yangu, akauliza kuhusu kukoroma na uzito wa kupumua usiku, akataka dozi ya mchana ipunguzwe kidogo tuone. Tulibishana kwa adabu. Tumekubaliana kupunguza kwa mwezi mmoja, na nikishindwa kufanya kazi hadi alasiri tutairudisha kama ilivyokuwa. Amemwandikia pia daktari wa mifupa akimtaka aseme kwa maandishi ni hali gani ya nyonga itakayomfanya akubali kupasua, na picha mpya inapigwa mwisho wa mwezi.